Akili ni Nywele: Shauri la Mtu Aliyepungukiwa

Wahenga wetu walisema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hii tumeizoea mno hata tumeacha kuisikia. Tunaitaja tunapotaka kumnyamazisha mbishi, au tunapotaka kumwacha mwenzetu afanye atakalo nasi tusiwe na lawama. Lakini tukiipa uzito wake, inatuambia jambo kubwa. Nywele za mtu mmoja huwa nyingi na za mwingine chache. Huyu zake ni za singa, yule zake ni za kipilipili, na mwingine amekwisha kuota upara. Hata hivyo, hajatokea kinyozi mwenye adabu aliyemshika mtu mzima kichwa akamnyoa apendavyo yeye kinyozi, kwa hoja kwamba nywele za mtu huyo ni chache mno kustahili kuulizwa.

Katika insha hii tunakusudia kulipima neno hilo la wahenga kwa jambo moja la zama zetu. Siku hizi hubuniwa vyombo vingi vya kuwasaidia watu ambao akili zao zimepata hitilafu: saa zinazokumbusha dawa, simu zenye picha mahali pa maandishi, mashine zinazosema kwa niaba ya asiyeweza kusema, na vyombo vinavyomwonyesha njia aliyepotea. Je, vyombo hivyo vibuniwe na wataalamu peke yao, kisha wenye shida wapelekewe kama mgonjwa apelekewavyo uji kitandani? Au wenyewe waitwe, waketi pamoja na mafundi, na neno lao lihesabiwe? Na kama wataitwa, shauri la mtu ambaye tumekwisha kusema kwamba akili yake imepungua lina thamani gani? Mafundi hawawezi kulijibu swali hili peke yao. Ni swali la utamaduni, maana katika kila jamii wako wanaosema na wako wanaosemewa, na mpaka baina yao umewekwa na mila kuliko maumbile.

Kwanza yafaa tuwajue tunaowazungumzia. Mtu mwenye ulemavu wa akili si mtu wa namna moja. Yuko mtoto aliyezaliwa hivyo, akachelewa kusema na akachelewa kuhesabu. Yuko aliyepona malaria ya kichwani au homa ya uti wa mgongo, lakini ubongo ukabaki na jeraha. Yuko kijana aliyeanguka na pikipiki. Yuko mzee aliyepatwa na kiharusi. Yuko bibi ambaye uzee umemjia pamoja na ugonjwa wa kusahau. Mmoja hukumbuka lakini hawezi kupanga. Mwingine hupanga lakini hakumbuki. Mwingine huelewa yote yasemwayo, ila maneno ya kujibu humponyoka. Na sisi tunaojiona wazima tunaambiwa na wahenga hao hao kwamba hujafa hujaumbika. Tunapouliza habari za watu hawa, basi, huenda tunauliza habari zetu za kesho.

Lugha yetu ina maneno mengi ya kuwataja, na mengi yake hayana heshima: punguani, zuzu, zezeta, taahira, hamnazo. Neno hilo la mwisho ni hukumu nzima iliyofupishwa: hamna zo, yaani ndani ya kichwa hiki akili hazimo. Mtu akisha kuitwa hamnazo, kumwuliza shauri kunakuwa mzaha. Ndiyo maana si jambo dogo kwamba leo tunajifunza kusema mtu mwenye ulemavu, tukaanza na mtu kabla ya kuufikia ulemavu. Wenyewe walilitaka hilo zamani. Mwaka 1974, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, watu wenye ulemavu wa akili waliunda chama chao wakakipa jina lenye maana ya Watu Kwanza. Jina hilo walilichagua wao. Hawakupewa na mabingwa.

Sasa turuhusiwe kusimulia kisa cha nyumbani kwetu, ambacho ndicho kilichotufundisha tunayoyaandika hapa. Mama yetu mdogo, aliyetulea tulipokuwa wadogo, alianza kusahau. Mwanzo alisahau alipoweka funguo. Baadaye akawa hasahau funguo tu, bali hata kwamba anazitafuta. Alikuwa na dawa ya shinikizo la damu ya kunywa kila asubuhi, na mara nyingi aliiacha, au aliinywa mara mbili. Mjukuu wake mmoja anayesoma chuo, kijana mwenye mapenzi na bidii, akampatia simu yenye programu ya kukumbusha. Kila asubuhi simu ililia, na sauti ikatamka kwa Kiswahili kwamba sasa ni saa nane, wakati wa dawa.

Msomaji amekwisha kuliona kosa. Sisi hatukuliona kwa majuma mawili. Programu ile ilikuwa imetafsiriwa na watu wanaoanza kuhesabu saa usiku wa manane, nasi twaanza kuhesabu jua linapochomoza. Saa yao ya nane asubuhi ni saa mbili kwetu. Mtu mzima wa akili akisikia hivyo hutabasamu, akatoa sita, akaendelea na kazi yake. Hajui hata kwamba amefanya hesabu. Mama yetu mdogo hakuwa na nguvu ya hesabu hiyo ya pili. Alisikia saa nane, akatazama nje, akaliona jua la asubuhi, akaiweka simu chini. Siku alizobahatika kukumbuka, aliinywa dawa saa nane mchana, kama alivyoambiwa. Nasi tukamlaumu, tukasema ugonjwa umezidi. Kumbe katika chumba kile aliyekuwa akizijua saa sawasawa alikuwa ni yeye, na kilichopungukiwa kilikuwa ni chombo.

Tulipogundua, mjukuu akasahihisha saa. Lakini dawa bado haikunywewa. Simu ilipolia, mama alikasirika akasema, "Ni nani huyu anayeniamrisha nyumbani mwangu?" Hapo ndipo tulipofanya jambo ambalo lilipasa kuwa la kwanza. Tulikaa naye barazani asubuhi, wakati akili yake ilipokuwa na nuru, tukamwuliza: "Mama, wewe mwenyewe ungependa ukumbushwe vipi?"

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mbona hamkuniuliza siku zote hizo?" Hatukuwa na jibu. Akaendelea: "Mimi asubuhi natazama birika. Birika likiwa mezani, najua ya asubuhi hayajaisha. Dawa iwekeni penye birika. Na huyo mwanamke wa kwenye simu mwondoeni. Aniite mjukuu wangu." Tukamwuliza atajuaje kwamba amekwisha kunywa, asije akarudia. Akalishika pindo la kanga yake akatuonyesha. Alikuwa mtu wa kufunga fedha pindoni tangu ujana wake. Akasema angefunga fundo kila akinywa, na binti anayemsaidia angelifungua usiku. Akishika pindo akakuta fundo, basi amekunywa.

Tangu siku ile mambo hayakuwa kamili, lakini yalikuwa bora kuliko yalivyokuwa. Sauti ya mjukuu iliita kutoka kwenye simu, "Bibi, chai!", naye akaitikia kama aitikiavyo mtu, akaenda penye birika. Birika na fundo havikuwamo katika fikira za kijana wa chuo, wala katika fikira zetu tuliojiita wasomi. Vilikuwamo katika kichwa ambacho sisi tulikwisha kukiondoa katika hesabu.

Kisa hiki kinatufundisha kutenganisha mambo mawili ambayo aghalabu tunayachanganya. Liko jambo la kujua namna kitu kifanyavyo kazi, na liko jambo la kujua namna maisha yaishivyo. La kwanza ni la fundi, na hakuna sababu ya kumnyang'anya. Mama yetu mdogo hakujua, wala hakuwa na haja ya kujua, jinsi sauti inavyohifadhiwa ndani ya simu. Lakini la pili ni la mwenye maisha, na hakuna chuo kinachoweza kumpa fundi shahada yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo haikusema kwamba mwenye kulala kitandani awe kwanza hodari wa hesabu ndipo tumwamini anaposema anaumwa na kunguni.

Pengine msomaji atasema kwamba kisa cha mtu mmoja na birika lake ni jambo dogo, na kwamba kazi kubwa ya ubunifu haiwezi kuendeshwa hivyo. Basi na tuvuke bahari. Mwaka 2005, watafiti wa Toronto, nchini Kanada, walichapisha habari za kazi waliyoifanya pamoja na watu sita ambao bongo zao zilikuwa zimeumia kiasi kwamba waliweza kushika mambo mapya kwa taabu kubwa mno. Hao sita hawakuwa watu wa kujaribiwa tu. Walikuwa wajumbe wa kundi lililobuni chombo. Na chombo chenyewe kilikuwa programu ya kompyuta ndogo ya mkononi, ya kumsaidia mtu wa namna yao anapojikuta mahali na asijue ni wapi wala amefika kwa sababu gani.

Tufikiri uzito wa jambo hilo. Mtu anaitwa kikaoni kushauri juu ya chombo, anatoa maoni mazuri, anakwenda nyumbani, na kikao kijacho anafika hali hakumbuki kwamba palikuwa na kikao. Ni nani kati yetu asingesema kwamba mtu huyo hafai kuwa mjumbe? Lakini watafiti wale hawakumbadili mjumbe, walibadili kikao. Yaliyopita yalirejewa kila mara, mambo ya lazima yalirudiwa kwa njia zaidi ya moja, na maandishi yaliwekwa mbele ya macho ili kumbukumbu ikae mezani mahali pa kukaa kichwani. Chombo kikapatikana, kikajaribiwa katika maisha ya kweli, na matokeo yakaonyesha kwamba kinaweza kumwongezea mtumiaji uwezo wa kujitegemea na kumtoa hofu anapopotelewa.

Sisi tuliotumia umri wetu katika ofisi za umma tulipoyasoma hayo tulicheka, kwa maana tuliyatambua. Hakuna kamati ya serikali inayoanza kazi kabla ya kusoma na kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita. Kwa nini? Kwa sababu imekubaliwa tangu zamani kwamba mabwana na mabibi wenye vyeo na shahada, wakisha kutawanyika, watasahau walichokubaliana, au kila mmoja atakumbuka lake. Kumbukumbu za kikao ni mkongojo wa akili, na wanaoutumia ni mawaziri na makatibu. Hatujasikia mtu akiwaita punguani.

Wala hatuna haja ya kuishia ofisini. Utamaduni wetu umejaa vyombo vya kuisaidia akili. Tasbihi ni chombo cha hesabu kwa mtu ambaye moyo wake uko katika dhikri. Fundo la kanga ni hazina. Methali yenyewe ni shauri refu lililofupishwa ili lisipotee. Na sisi tulioshughulika na ushairi twajua kwamba vina na mizani havikuwekwa kwa urembo peke yake. Utenzi wa beti mamia uliweza kukaa katika kifua cha mtu asiyejua kuandika, kwa kuwa kila kina kilimvuta ndugu yake, na kila mshororo uliotimia mizani ulijulisha kama kuna neno lililodondoka. Mtunzi alimbunia msikilizaji chombo cha kukumbukia. Lakini msikilizaji naye alikuwa mbunifu, maana ubeti uliomshinda kuukariri haukufika kwa mjukuu wake. Hivyo jambo hili la kubuni pamoja na mwenye kumbukumbu dhaifu, ambalo leo laonekana geni, ni mila ya ngoma na baraza zetu. Tofauti baina yetu na mtu mwenye ulemavu wa akili ni kwamba mikongojo yetu imekwisha kuzoeleka hata haionekani, na wake ungali mpya.

Hata hivyo, hatutakuwa waaminifu tukisema kwamba jambo ni jepesi. Ziko pingamizi za kweli, na zinastahili kujibiwa kwa haki.

Pingamizi ya kwanza ni hatari. Mtu anayesahau njia anataka kutembea peke yake. Jamaa zake wanataka afungiwe, au avishwe chombo kitakachowaambia daima yuko wapi. Tusimcheke anayefunga mlango. Huyo ndiye akeshaye usiku. Nchini Uingereza, kazi moja iliyochapishwa mwaka 2009 iliwashirikisha watu wenye ugonjwa wa kusahau pamoja na walezi wao katika kubuni vyombo vya kumwezesha mtu kutoka nje na bado kubaki katika mawasiliano na watu wake. Vikapatikana vyombo viwili vya majaribio: mkanda wa kuvaa mkononi na daftari la kielektroniki. Fundisho tunalolipata ni kwamba mgonjwa na mlezi wote wawili walisikilizwa, kwa kuwa haja zao hazifanani. Mlezi hutaka kujua. Mgonjwa hutaka kwenda. Chombo kinachobuniwa kwa neno la mlezi peke yake huelekea kuwa pingu, hata kikifunikwa kwa hariri. Na chombo kinachobuniwa bila mlezi chaweza kumtupia mwingine mzigo asioweza kuuchukua. Haki haipatikani kwa kuchagua upande mmoja, bali kwa kuhakikisha kwamba upande dhaifu haukuachwa nje ya mlango wakati wa kupima.

Pingamizi ya pili ni kwamba mtu mwenye ulemavu wa akili hukubali kila aulizwalo ili awapendeze wakubwa. Ni kweli, na walimu wanalijua hili, kwa kuwa hata darasa zima la watoto wazima likiulizwa "Mmeelewa?" huitikia "Ndiyo!" kwa sauti moja. Kosa liko katika swali. Mwalimu mwema haulizi kama wameelewa. Humpa mtoto chaki amwone atakavyofanya. Kadhalika mbunifu mwema humpa mtu chombo mkononi, akakaa kando, akatazama. Na wako wasio na maneno kabisa. Hao nao wana shauri: yule anayekitupa chombo chini kila apewapo amekwisha kusema, na yule anayekikumbatia amekwisha kusema. Tunachokosa ni subira ya kusikiliza kisemwacho na mikono na uso.

Pingamizi ya tatu husemwa kwa sauti ya chini: nchi yetu haina fedha, na mambo ya lazima ni mengi. Jibu letu ni kwamba taifa lenye fedha chache ndilo lisiloweza kumudu chombo kisichotumika. Vyombo vingi hufika kwetu vikiwa vimekwisha kubuniwa kwa lugha nyingine, kwa saa nyingine na kwa nyumba za namna nyingine, vikaishia kabatini. Kumwuliza mtu kwanza hakuna gharama kubwa. Kulihitaji benchi, asubuhi moja, na ukweli.

Twasema ukweli kwa kuwa uko ugonjwa wa maofisini ambao hatuna budi kuutaja. Mpango hukamilishwa, kitabu chake hupigwa chapa, ndipo huitwa watu wawili watatu wenye ulemavu, wakaketishwa mbele, wakapigwa picha, na taarifa ikaandikwa kwamba walishirikishwa. Huo si ushirikishwaji. Ni kuazima uso wa mtu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009 kabla ya kutunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, unazitaka serikali zishauriane nao kwa karibu na kuwashirikisha kwa dhati katika mambo yanayowahusu. Nao wenyewe duniani wana msemo wao: lolote lituhusulo lisifanywe bila sisi. Kipimo cha ushirikishwaji ni chepesi. Tuulize: je, kuna kitu kilichobadilika kwa sababu ya neno alilolisema? Kama hakuna hata kimoja, hakuulizwa.

Kwa hiyo tunarudi kwenye swali letu. Shauri la mtu aliyepungukiwa lina thamani gani? Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilihesabu usawa wa binadamu na heshima ya kila mtu miongoni mwa imani zake, wala halikuweka kando ya imani hizo kipimo cha akili. Usawa huo haumaanishi kwamba watu wote wanajua mambo sawa. Maana yake ni kwamba hakuna maisha yanayojulikana na mtu wa nje kuliko anavyoyajua mwenye kuyaishi, na kwamba kumnyima mtu neno juu ya maisha yake ni kumpunguza mara ya pili, baada ya maradhi kumpunguza mara ya kwanza. Maradhi hatukuyaleta sisi. Kupunguza huku kwa pili ni kazi ya mikono yetu, na kwa hiyo tunaweza kukuacha.

Walimu na wanafunzi wanaosoma kurasa hizi wana nafasi ambayo sisi wa maofisini hatukuwa nayo. Katika shule zetu wamo vijana wanaochelewa kuelewa, na nyumbani kwetu wamo wazee wanaosahau. Wako wanafunzi ambao kesho watakuwa mafundi wa kompyuta na wabunifu wa vyombo vipya. Tunawaomba, kabla ya kuchora mchoro wa kwanza, waende wakakae barazani na yule wanayetaka kumsaidia, wamwulize, wanyamaze, na wangoje. Jibu litachelewa. Huenda likaja kwa njia ya birika au pindo la kanga. Wasiliache lipite, kwa sababu akili ni nywele, na mwenye kichwa bado yupo.